Ukoo wa Kirusi

Jumanne ya kwanza ya mwezi Juni, wataalamu wa afya walifika Mkuyuni kupima damu ya kila aliyeridhia, mzima kwa mgonjwa, ili wajue ni aina zipi za kirusi cha homa ya ini C zilizoenea kwetu. Nilijitolea. Ijumaa ya mwisho ya Julai nikaambiwa ninacho. Nesi, mgeni wa mkoa huu, alitaka kunirahisishia: "Mama, kirusi hiki kina koo zake. Chako ni cha ukoo wa nne."

Nia yake ilikuwa njema, ila hakujua neno hilo amelisemea wapi. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama. Kufikia Jumapili habari ilikwishapanda milima: mjane yule ana kirusi cha ukoo, binti yake anacho, na watakaozaliwa watakuwa nacho. Na binti yangu alikuwa amekwisha kuposwa.

Mshenga alikuja, akayazungusha maneno hadi akachoka. "Wenzetu wanaujua ukoo wenu, Mama. Huo wa nne ndio hawajausikia."

"Hata mimi sikuzaliwa humo," nikamjibu.

Nilisoma ukubwani, sioni haya kuuliza. Nikarudi zahanati na binti yangu, na mama wa mchumba nikamwomba tufuatane. Nesi aliposikia kisa, alishika shavu.

"Nimewaponza, mama zangu. Nilimaanisha aina, kama mbegu za mahindi. Aina hiyo tumeikuta hadi Mikese, kwa watu wasiomjua mama huyu. Haisemi nani kampa nani. Kirusi hupita kwenye damu: wembe wa kuchanjia, pembe ya chuku ya kunyonyea damu, sindano. Mama huweza kumwambukiza mtoto anapomzaa, ingawa si mara nyingi. Kwa hiyo nampima binti mwenyewe, ukoo siupimi."

"Na dawa?" akauliza mama wa mchumba.

"Ipo, na wengi hupona."

Binti yangu akatoa kidole. Hakukutwa nacho.

"Basi kesho mshenga atakuja," akasema mama wa mchumba.

Nikaiweka sawa kanga yangu. "Atatukuta bado tunafikiria. Nyinyi mlipofikiria, hatukuwaharakisha."

Binti akanishika mkono. "Mama, wewe fikiria dawa yako. Mimi nilishafikiria."

Mama wa mchumba akacheka hadi akatafuta pa kukaa. Nikasogea pembeni, akapata nafasi kwenye benchi.