Mstari wa Pili

Kwa miaka kumi na mmoja alitoboa vidole vya watu kuwapima damu, cha kwake hakikuwahi kutobolewa. Pale zahanati wagonjwa walimwita Dada Sindano.

Asubuhi moja lilifunguliwa boksi jipya la vipimo vya homa ya ini. Boksi jipya hujaribiwa kwanza kwa damu isiyo na virusi, na sampuli ya kujaribia ilikuwa imeisha. Akaona atumie yake. Kwani ina nini?

Dakika kumi na tano. Mstari mmoja, huna virusi; miwili, unavyo. Ilitokea miwili.

"Boksi bovu hili," akamwambia mkuu wa maabara.

"Rudia kwa lile la jana."

La jana lilikuwa limepima watu ishirini bila kasoro. Akajitoboa tena, tone la kwanza likaangukia mezani. Wakasimama wote wawili wakikitazama kile kipande cha plastiki. Mstari wa pili ulikuja hafifu, ukakolea.

"Kaa chini, mwanangu. Wanaosubiri nje nitawapima mimi."

Wanawe walichanjwa wangali wachanga. Mumewe, fundi baiskeli, hakuwahi. Jioni alipomwambia, mume aliacha kula.

"Umeutoa wapi ugonjwa huo?"

"Ningejua ningekwambia."

Kulipokucha, mume alimkuta akifunga kilemba. "Twende wote. Na mimi nipimwe."

Mume hakuwa na virusi. Akachomwa chanjo siku hiyohiyo, akalalamika bega njia nzima. Vipimo vya mkewe vilionyesha ini bado zima. Angepimwa kila miezi sita. Ndipo daktari akauliza, "Mama yako yupo? Wengi huambukizwa wanapozaliwa."

Mama yake alikuwapo, na miaka mitatu alikuwa akinywa dawa za vidonda vya tumbo visivyopona. Binti akamleta, akamshika kidole mwenyewe.

"Leo unanitoboa wewe, mimi niliyekutoboa masikio?"

"Tulia, mama."

Miwili. Na ini lilikuwa limeanza kuwa gumu.

Mama aliupokea mfuko wa vidonge, kimoja kila siku, akauweka mapajani.

"Kumbe nilikupa mimi."

"Hukujua, mama. Hakuna aliyekupima."

"Na dada zako?"

Wiki iliyofuata dada zake watatu walikaa kwenye benchi la zahanati, wamebanana. Wawili walikuwa salama. Kitindamimba alikuwa na virusi, na alikuwa mjamzito wa miezi minne. Muda wa kumkinga mtoto ulikuwepo.