Pumzi Moja Juu ya Sufuria ya Mulukhia

Nakumbuka, mwanangu, Ijumaa moja katika jiko dogo la mkahawa kule Satwa, Dubai, mwanamke wa Kimisri aliponiambia kwamba nimemkana bibi yangu. Hakupaza sauti. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, magazeti yametandazwa sakafuni mbele yake, akichambua majani ya kijani, na hata baada ya kuniambia hayo aliendelea kuchambua. Mimi ndiye niliyeacha kazi mkononi.

Lakini ngoja kwanza nikueleze nilikuwa nani, usije ukadhani nilikuwa mtu wa kubabaika. Nilikwenda Dubai miaka ile ya elfu mbili na kitu nikiwa na diploma ya upishi, tena nilikuwa wa kwanza darasani kwetu, na wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho la mahafali. Wengi niliosafiri nao walikwenda kulinda milango ya maduka na maghala. Ni kazi ya heshima, siidharau. Ila mimi niliingia jikoni moja kwa moja, na visu vyangu mwenyewe kwenye begi. Hoteli hii unayoiona hapa Bungoma, na vigae vyake na bango lake, ilianzia kwenye visu vile. Sijigambi, nasema ilivyokuwa. Na kama ni kujigamba, basi nimestahili.

Mwenye mkahawa aliitwa Ustaz Fathi, Mmisri mnene mwenye haraka, ambaye kila sentensi yake ilianza na yalla, yaani haya twende, na kuishia na khalas, yaani basi. Mpishi mkuu alikuwa mama yake mdogo, Hagga Nawal. Hagga ni namna Wamisri wanavyomwita mwanamke aliyekwenda Makka kuhiji, nasi sote jikoni, Mkristo kama mimi na Mwislamu kama Wasswa, Mganda aliyekuwa msaidizi wetu, tulimwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi, kitambaa cheusi kichwani, na mikono iliyonukia kitunguu saumu hata akitoka kunawa. Sisi alituita ya ibni, yaani mwanangu. Tukimchelewesha alituita majina mengine.

Nilisoma vitabu vya mapishi vyenye picha, lakini sijaona mtu aliyeheshimu moto kama yule mama. Kuku alichemshwa mzima, na viungo vyake. Supu ile ile ndiyo iliyopika mulukhia, ile mboga ya majani ya kijani, na iliyobaki ikapikia wali wa tambi. Mafuta yaliyoelea juu yake alimpaka kuku ili akaangwe awe mwekundu. Mikate ya jana haikutupwa: ilikaushwa, ikarudi mezani imelowekwa supu chini ya wali na nyama, na wateja wakazilamba sahani. Kipande cha mkate kikianguka, alikiokota, akakibusu, akakiweka pembeni kwa ajili ya ndege wa juu ya paa. Maharage ya asubuhi aliyaacha kwenye chungu chenye shingo nyembamba, juu ya kijimoto kilichokuwa kikizimika, na humo humo akatumbukiza mayai yaive bila kuwasha jiko jingine. Siku hizi nasikia watu wanakaa semina kufundishwa mambo hayo na kuyaita majina marefu. Hagga hakuwa na jina la kuyaita. Alisema tu kwamba mama yake hakumlea kuwa mharibifu.

Sasa yale majani. Mulukhia ni chakula ambacho Mmisri akikikosa anaumwa. Majani yanachambuliwa, yanakatwakatwa kwa kisu chenye mishikio miwili kilichopinda kama mwezi mchanga, mpaka yanakuwa laini na yenye utelezi, kisha yanaingia kwenye supu ya moto. Ijumaa ile nilichukua tawi moja, nikalitazama vizuri, nikacheka.

"Hagga, hii si mrenda?" nikasema. "Hii kwetu ni mboga ya wazee. Watu wanaila wakikosa nyama. Bibi yangu anaichemsha na maji ya majivu. Mimi tangu nipate diploma sijaigusa."

Hapo ndipo aliponitazama.

"Bibi yako yu hai?"

"Yu hai."

"Umemkana akiwa hai," akasema. "Mboga ni moja, utelezi ni mmoja. Sufuria yangu unaiita mapishi kwa sababu iko kwenye menyu. Ya bibi yako unaiita njaa. Mimi mama yangu angekuwa hai, ningekwenda kwa miguu hadi kwetu Tanta, Misri, kumuuliza nilichosahau kumuuliza." Akarudi kwenye majani yake. "Chambua, ya ibni. Na usinivunjie vikonyo."

Wasswa alikohoa kuficha kicheko. Mimi nilikaa chini nikachambua, na vidole vyangu, mwanangu, vilijua ile kazi kabla yangu. Nilikuwa nimeifanya utotoni kando ya kukhu, bibi yangu, siku nyingi kuliko nilivyotaka kukumbuka.

Kulikuwa na jambo moja la Hagga ambalo sikulielewa. Mulukhia ikishaiva, hukaangwa kitunguu saumu na mbegu za dania katika samli, mpaka jiko zima linukie. Kisha kikaango humiminwa juu ya sufuria, ikalia shaaa! Na wakati ule ule wa kumimina, Hagga alivuta pumzi kwa ghafla, haaah!, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Kila siku. Wanawake wa Misri hufanya hivyo, na mulukhia isiyoshtukiwa wanasema haina ladha. Nilipomwuliza ni ya nini, hakunipa hadithi ya wafalme. Alisema, "Kwetu nyumba zilibanana. Mama yangu akivuta pumzi ile, sisi watoto tuliisikia tukiwa uchochoroni, tukakimbia kunawa mikono. Nikiivuta mimi sasa, najiona nakimbia."

Alitaka nijifunze na hilo. Nikakataa. Mwanamume mzima, mwenye aproni nyeupe iliyopigwa pasi, nishtuke mbele ya Wasswa? Nikamwambia, "Hagga, mapishi nitakupa, pumzi nibakizie." Akanicheka, akasema khalas, siku itafika.

Shida ilikuwa kifua chake. Moshi wa samli ulikuwa umemla miaka mingi, akawa anasimama katikati ya kazi, mkono ukutani, akitafuta hewa. Daktari alimkataza jiko. Binti yake kule Tanta alimtumia tiketi. Na Ustaz Fathi akatangaza kwamba Hagga akiondoka, mulukhia ya majani mabichi inaondoka naye. Angeleta ya pakiti, iliyogandishwa, kutoka ghala moja la Jebel Ali, na vidonge vya supu badala ya kuku. Alikuwa na sababu, simlaumu. Majani yalifika asubuhi, na kabla ya adhuhuri joto la Dubai lilikuwa limeyanyong'onyeza nusu. Tulitupa mengi.

"Na hata yasipooza," alimwambia Hagga mbele yetu, "watu wanakuja kwa mkono wako, khalti. Mkono wako nitaugandisha?" Khalti ndiyo mama mdogo kwa Kiarabu.

Hagga alikwenda kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Nilimwona mgongo tu, na nikaelewa kwamba alikuwa akilia, wala si kwa ajili ya kifua. Binti yake alikuwa mwalimu, hakupika. Fathi alikuwa mtu wa biashara. Kile chakula, kwa namna ya mama yake, kilikuwa kimebaki katika mikono miwili tu duniani, na mikono hiyo ilikuwa inafungashwa.

Basi nikafanya nilichosomea. Na hapa usinizuie nijisifu. Niliyachukua majani alfajiri yalipofika, nikayakata miguu, nikayafunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa vikakamuliwa, nikayasimamisha ndani ya chumba cha baridi kama maua. Yakafika jioni yamesimama. Yaliyozidi niliyapandisha kwenye paa, nikayatandaza kivulini chini ya chandarua, kama kukhu alivyofanya na mboga za msimu, na lile joto lililokuwa adui yetu likatukaushia akiba ya miezi ambayo majani hayapatikani. Hagga aliyasugua makavu viganjani, akayanusa.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Vitambaa, chuo. Paa, bibi yangu."

"Aaa," akasema, akayaweka majani kwenye mtungi taratibu. "Kumbe mnaongea."

Fathi alipanda akaona, akakubali kwamba hakuna cha kutupa tena. Lakini suala la mkono lilibaki. Pakiti zilikuwa zimeshaagizwa, zilisubiri neno lake tu.

Ikafika Ijumaa ya mwisho ya Hagga. Mkahawa ulijaa Wamisri baada ya swala, wazee waliomjua tangu alipofika, familia na watoto wao. Aliagiza nipike mimi, yeye atamimina. Supu ilikuwa tayari, majani yameingia, hayakuchemka wala kuzama, kama inavyotakiwa. Kitunguu saumu kikaanza kugeuka rangi ya dhahabu. Hagga akainuka, akakamata kikaango, akafungua kinywa, na kifua kikamgomea. Akakohoa mpaka akashika meza. Samli inalia, kitunguu kinakaribia kuungua, na kitunguu kikiungua mulukhia yote inakuwa chungu. Aliniangalia. Alinisogezea kikaango kwa mikono miwili, kama mtu anayekukabidhi mtoto.

"Banange, jamani," Wasswa akanong'ona, "Sheikh Diploma leo kapatikana."

Nilimimina. Na nikavuta pumzi, mwanangu. Haaah! Sikujua kwamba ningeivuta kwa nguvu ile. Ilitoka mahali ambapo nilikuwa nimemficha kukhu na jiko lake la mawe matatu. Ilipenya kwenye dirisha la kupitishia sahani, ikafika hadi mezani kwa watu.

Kutoka kaunta tukamsikia Ustaz Fathi akiita, sauti yake imejaa huruma: "Pole pole, khalti! Kifua chako!"

Hagga akanitazama. Wasswa akanitazama. Kisha yule mama akaanza kucheka bila hewa, machozi yakimtiririka, akinipiga begani kwa mwiko.

Fathi alikuja dirishani ili amkanye zaidi. Akaniona mimi nimeshika kikaango, mama yake mdogo ameketi kwenye kigoda. Yeye pia alikuwa mtoto wa uchochoro ule, mwanangu. Aliisikia pumzi ile akiwa mdogo, akakimbia kunawa mikono. Alirudi kaunta. Muda si mrefu tukamsikia kwenye simu na watu wa Jebel Ali, akiwaambia kwa Kiarabu cha haraka kwamba pakiti wabaki nazo, khalas.

Hagga alipanda ndege wiki ile. Mimi nilibaki nikapika mulukhia yake Satwa miaka mingi, na Ijumaa nyingine nilimpigia simu Tanta. Hakutaka salamu ndefu. "Nisikilizishe," angesema, nami ningeweka simu kando ya sufuria, nikamimina, nikashtuka. "Imetoka kooni hiyo," angeniambia. "Toa tumboni." Siku nyingine alisema tu, "Nimeshiba, ya ibni," na kukata simu.

Nilipokuja likizo ya kwanza nilimkuta kukhu amekaa kibarazani kwake, macho yamefifia. Nilimwomba anifundishe mrenda upya tangu mwanzo: kuchoma maganda ya maharage, kuchuja maji ya majivu, kupima kwa ulimi. Alishangaa. Alidhani Dubai imenifukuza. Kisha nami nikampikia ile ya Kimisri, na nilipovuta pumzi aliita kwa hofu, "Wewe! Umeungua?" Nilipomweleza alicheka siku nzima. Alionja, akatafakari, akasema, "Hii mrenda wameiharibu vizuri." Hagga alipolisikia hilo kwa simu alitaka nimrudie mara mbili.

Kukhu amekwenda, na Hagga naye amekwenda. Lakini ingia jikoni kwangu leo. Sufuria mbili ziko pale, mrenda ya kukhu na mulukhia ya Hagga, wala sizichanganyi. Mteja akiuliza, namwambia hii ni ya kwetu, na hii ni ya Wamisri, nimefundishwa na Hagga Nawal wa Tanta. Sijadai kwamba ni yangu. Na vijana ninaowafundisha wote hushtuka wanapomimina, hata yule mwenye ndevu.

Sasa unaondoka, mwanangu, na cheti chako kipya. Kibebe, ni kizuri, mimi changu kiko ukutani na kinafutwa vumbi. Lakini kabla ya uwanja wa ndege, pitia kwa bibi yako ukae naye akichambua. Muulize kile unachodhani unakijua, maana majibu hayo hayauzwi popote. Ukifika ugenini, chakula cha watu kipike ukijua kuna mama aliyekililia. Washa moto mmoja kama mmoja unatosha. Nunua jani lililo katika msimu wake, uliheshimu mpaka kikonyo, na linalozidi likaushe, usilitupe. Na wakikupa pumzi yao uibebe, usione haya mbele ya wenzako. Haya hupita na aproni hufuliwa, lakini sufuria iliyonyamaza hakuna wa kuiamsha.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono inayokumbuka na kifua kipana. Akupe mama mmoja huko ugenini wa kukukemea kwa upole, na akurudishe ukiwa na njaa ya nyumbani. Siku utakayorudi, nitakuwa hapa. Nitakuwekea kitunguu saumu motoni, nikukabidhi kikaango, nisikie umefika.