Bata wa Kijitoni na Bata wa Ziwani

Hapa Rungwe watu watakuambia kwamba bata mwitu ni bata mwitu. Nimechoka kukanusha. Hata hivyo naandika nilichokiona kwa macho yangu, kwa kuwa wengine waliokiona wamekwisha kufa.

Chini ya migomba ya baba yangu, huko Mpuguso, kilipita kijito cha maji baridi kilichofunikwa na mianzi na mikuyu. Humo waliishi bata wawili, dume na jike, wala hawakumvumilia wa tatu. Walikuwa weusi kama masizi, na mgongoni walikuwa na madoa meupe, kana kwamba mtu aliyetoka kukamua amewakung'utia vidole vyenye maziwa. Miguu yao ilikuwa ya rangi ya chungwa. Domo lilikuwa la giza, lisilovuta jicho.

Ziwani, katika shimo la volkano lililojaa maji si mbali na kwetu, waliishi wengine. Hao walikuwa wa kijivu, na kila unyoya ulikuwa na ukingo mweupe, hata mwili ukaonekana kama una magamba. Domo lao lilikuwa la manjano kama ndizi mbivu. Wakiwa wametulia majini, hata mtoto angewatofautisha. Taabu huanza wanaporuka. Mgongo hupita upesi, domo halionekani, na jicho hunasa kitu kimoja tu: kipande cha buluu bawani, kilichopakana na mistari myeupe. Kipande hicho wanacho wote, wa kijitoni na wa ziwani.

Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa kwetu, mianzi mingi ya kijitoni ilikatwa kujengea nyumba mpya, na wale bata wawili wakatoweka. Kisha kijiji kikataka kufyeka kingo zilizosalia ili kupata shamba la pamoja la mahindi. Sikuupinga ujamaa, nilikuwa mwanachama, nikifundisha katika shule ya kijiji. Niliomba jambo moja tu mkutanoni: miti iachwe, kwa maana bata wale hutaga chini yake, na huenda wamejificha huko juu kijito kinakotoka, wakingoja utulivu.

Muuza samaki wakavu akasimama.

"Mwalimu, bata wako wamekwisha kuhamia ziwani. Shemeji yangu kawaona."

"Aliwatambuaje?"

"Wana buluu bawani."

"Na domo?"

"Ah, Mwalimu! Shemeji alikwenda kutafuta kuni, hakwenda kuchungulia bata midomoni!"

Mkutano mzima ukacheka. Mwenyekiti, niliyesoma naye darasa moja, hakucheka. Alisema hatafyeka wala kuacha kwa maneno ya mashemeji. Tungekwenda wenyewe kutazama.

Tulikwenda, sisi wawili na yule muuza samaki. Tulipokaribia maji, kundi likaruka, na buluu ikametameta juani.

"Si hao!" muuza samaki akapiga kelele. "Si hao, Mwalimu?"

Nikawaomba wanyamaze. Kundi lilizunguka, likatua karibu na matete, nikamwonyesha mwenyekiti domo moja baada ya jingine.

"Naliona," akasema. "Ni la manjano. Na la wale wa kijitoni?"

"La giza. Na mgongo una madoa."

"Nani mwingine ajuaye hayo?"

"Marehemu baba."

"Basi nionyeshe mmoja wa kijitoni, tumlinganishe na hawa."

Sikuwa naye. Hakuna aliyekuwa naye.

"Ndugu yangu," akasema, tena kwa upole, "si wewe utuambiaye kila siku tusipokee jambo la kuambiwa?"

Kingo zilifyekwa. Mahindi yalistawi, sitasema uongo juu ya hilo. Kwa miaka mingi, kila likizo, nilipanda kijito kile hadi upande wa Ikuti, nikitazama chini ya kila kivuli kilichobaki. Niliona korongo, niliona mdiria. Bata mweusi sikumwona tena.

Sasa miguu hainifikishi kijitoni, na macho yamefunikwa na ukungu. Juzi jirani yangu, mama auzaye ndizi katika soko la Tukuyu, alinipitia kwa wema wake.

"Shikamoo babu. Bata wako wamerudi! Nimewaona wakiruka juu ya kijito, wana buluu."

"Marahaba. Domo lao, mwanangu?"

"Domo sikuliangalia, babu."

Nikamshukuru. Alipotoka nilimsikia uani akimweleza mwenzake: "Babu anasema eti zamani walikuwako wengine, weusi, wenye madoa ya maziwa. Ndivyo anavyosema."

"Nani aliwaona?" mwenzake akauliza.

"Yeye tu."

Mwenzake akaguna. Lau ningekuwa mimi niliyesimama pale uani, nami ningeguna.