Chuma Karibu na Dira

Asifiwe Mungu aliyetenga maji na nchi kavu, akaiweka kaskazini mahali pake isihame, akanipa uzee pamoja na akili ya kukumbuka. Namshukuru sasa, kabla sijasimulia chochote, maana nikifika katikati huenda shukrani ikanikwama.

Kaka yangu, niliyemfuata kuzaliwa, alikuwa fundi wa vyombo vya kale. Watu walimwita fundi saa kwa kuwa hawakuwa na jina jingine la kumpa, lakini saa alizitengeneza bila mapenzi. Alichopenda ni vile vyombo vilivyobaki kutoka meli za zamani za ziwani: dira za shaba, vipimo vya mgandamizo wa hewa vyenye uso kama wa saa, darubini zilizoota ukijani shingoni. Kazi aliifundishwa bandarini Bukoba na mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo melini. Mzee yule alipofariki alimwachia bisibisi zake na dira moja iliyokauka.

Dira hiyo ndiyo habari yenyewe. Ilikuwa bakuli la shaba lililofunikwa kioo, na ndani yake kadi nyeupe ya mviringo iliyochorwa nyota ya pande zote za dunia. Sumaku zilikuwa chini ya kadi, na kadi ilikaa juu ya ncha kali kama ya sindano. Bakuli lote liliingia katika sanduku la mbao ngumu. Ukingoni mwa kadi palikuwa na jina la mtu aliyeitengeneza na jina la mji wake ng'ambo, kwa maandishi membamba sana. Kaka hakujua chochote kingine juu ya mtu huyo, ila alimwita "mzee mwenzangu". Alikuwa akiinamia kazi na kunong'ona, "Hapa mzee mwenzangu alitulia," au "Hapa alisikia harufu ya chakula, akawahi mezani."

Kibanda chake cha kazi kilikuwa nyumbani kwetu Kamachumu, ukingoni mwa kibanja, mahali migomba inapoishia. Sisi ni kizazi cha wafua chuma. Ukichimba shimo la kupanda mbuni, jembe linagonga mabonge meusi yaliyobaki kwenye matanuru ya mababu. Kaka alikuwa akicheka kwamba katika ukoo wote yeye ndiye wa kwanza kukikimbia chuma. Chuma kikikaribia dira, kadi hukifuata na kuiacha kaskazini. Kwa hiyo meza yake aliiunganisha kwa vigingi vya mti, bila msumari. Rozari yake ilikuwa ya mbegu. Ukiingia, neno la kwanza halikuwa "karibu".

"Una chuma?"

Hapo utaacha nje funguo, panga, hata mkanda wa suruali. Shemeji yangu, yaani mkewe, alimletea uji mlangoni na kumwuliza kwa sauti, "Kijiko nacho kikae nje na mimi?" Naye akajibu, "Wewe ingia, kijiko kitasubiri." Walipendana. Nataka hilo lieleweke kabla ya mengine.

Dira kama ile hujazwa kileo ndani, ili kadi itulie chombo kikiyumba. Kaka alijaribu spiriti ya dukani, ikatia kadi doa. Mwishowe alichukua enkonyagi, ile pombe kali ambayo kwetu hupikwa kutokana na rubisi ya ndizi, akaichemsha upya na kuukusanya mvuke wake, tena na tena, mpaka ikawa safi kama machozi, akaichanganya na maji ya mvua. Ikafaa. Kadi ikaelea kwa utulivu, ikageuka taratibu, ikasimama.

Kijiji kizima kilicheka. Jirani mmoja, mnywaji hodari, alisimama mlangoni akapaza sauti, "Fundi, hiyo dira ikilewa itatupeleka Uganda!"

"Afadhali yake," kaka akamjibu. "Wewe ukilewa hata kwako hufiki."

Shemeji hakucheka. Baba yake aliharibiwa na pombe, na katika chama chake cha sala kina mama walikuwa wameapa kutoiruhusu ndani ya nyumba. "Mume wangu," alimwambia mbele yangu, "unamfungia shetani ndani ya kioo, halafu unamwomba atuonyeshe njia."

"Hainywewi, mama. Inashikilia kadi tu isitetemeke."

"Ni pombe."

"Ni pombe," kaka akakubali, akaendelea kufuta kioo.

Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima tayari, mwenye mke. Alikuwa nahodha wa boti ya injini iliyopeleka ndizi katika visiwa vya Muleba na kurudi na dagaa. Wengi siku hizi huongozwa na simu, lakini simu hulowa na chaji huisha. Kaka alipomaliza kuifufua ile dira ya zamani, hakumwuzia mtu. Alimpa mwanawe. Jioni ya kuamkia safari aliijaribu kwa mara ya mwisho juu ya mstari wa kaskazini aliouchora sakafuni, ikalala juu ya mstari ule sawasawa. Akafunga sanduku.

Ilikuwa kiangazi, wakati ule ambapo moshi wa mashamba na ukungu wa asubuhi huungana juu ya ziwa, na visiwa hupotea kama havikuumbwa. Boti iliondoka ikiwa imejaa ndizi. Haikufika. Iligonga miamba upande ambao haikupaswa kabisa kuwa, ikapinduka. Kati ya waliokuwamo aliokolewa mmoja tu, akiwa ameng'ang'ania jerikeni tupu. Mwili wa mtoto wetu uliopolewa na wavuvi, na wavuvi haohao ndio walioliokota lile sanduku likielea, kifuniko kikiwa kimejifunga.

Yule aliyeokoka alikuja msibani. Alikaa chini, akashindwa kumtazama kaka usoni. "Waitu mzee, hatukuwa tukibahatisha," alisema, kwa neno letu la heshima. "Hatukuona mbele. Nahodha hakuiacha dira kwa macho hata kidogo. Aliniambia, hii kaitengeneza baba. Tulikwenda nayo mpaka tukasikia mawimbi yanapasuka."

Watu wote waliokaa pale walijua ndani ya dira mlikuwa na nini. Nilisikia mnong'ono ukipita toka mkeka hadi mkeka: ile dira ya pombe.

Shemeji alikuwa ndani na akina mama. Alilia kwa maneno, kama wanawake wetu wanavyolia, na maneno yake tuliyasikia sote. Alimwambia Mungu kwamba yeye alitimiza wajibu wake. Alisema asubuhi ile, mumewe alipokuwa akioga, alifungua sanduku akauweka msalaba chini ya bakuli, chini ya kitambaa kilichotandikwa sandukuni, msalaba aliotengenezewa na mchomeleaji wa pale senta ukabarikiwa kanisani. "Nilimweka mwanangu juu ya msalaba wako!" alilia. "Juu ya msalaba! Kwa nini umeitazama pombe ya baba yake, usiutazame msalaba wangu?"

Nilimwona kaka akiinua kichwa. Hakuna mwingine aliyemwona. Akakiinamisha tena.

Baada ya matanga aliniita kibandani. Alilifungua sanduku juu ya ile meza isiyo na msumari. Akatoa bakuli, akainua kitambaa kilichokuwa bado na unyevunyevu, na chini yake palikuwa na msalaba: vipande viwili vya nondo nyembamba, vimeunganishwa vizuri. Mtu aliyeutengeneza alikuwa fundi. Kaka aliuweka mbali, nje ya mlango. Akaweka dira juu ya mstari wa sakafuni. Kadi ikalala juu ya mstari. Hapakuwa na kosa. Ile enkonyagi ilikuwa safi, bila hata kiputo cha hewa. Kisha akauleta msalaba, akaurudisha chini ya bakuli. Kadi ikageuka polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake, ikauacha mstari na kutulia pembeni.

Alirudia. Akautoa, akauweka.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Basi hujaona."

Nikamwambia kwamba watu wanamtukana, na kwamba hata mkewe anamhesabia kifo cha mtoto. Alinijibu bila hasira. "Mimi nilimwambia maisha yetu yote, chuma kisikaribie. Sikumwambia kwamba msalaba ni chuma. Kwake si chuma, na huwezi kumlaumu. Mimi na wewe tunaupigia magoti." Kisha akasema, "Akijua, mdogo wangu, atabaki na nini?"

Niliapa kutosema. Nimefundisha katekisimu karibu maisha yangu yote, nimewaeleza watoto wengi maana ya ishara ya msalaba, na siku ile nilitoka kibandani sijui nikanyage wapi.

Kaka aliurudisha msalaba kwa mkewe, ameufuta vizuri. Ukatundikwa ukutani. Chini ya msalaba huo waliishi miaka yote iliyobaki, yeye akisali kwamba mumewe atubu dhambi ya pombe, naye mumewe akiitikia amina. Kazi haikuja tena. Nani alete dira kwa fundi yule? Bisibisi za mzee wa melini, chuma pekee alichokivumilia, zikashika kutu, naye aliyekikimbia chuma akazitazama tu. Chakula walikula pamoja, ila kijiko hakikutaniwa tena. Kama nilivyosema, walipendana. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kutazama.

Aliugua, akafa. Kabla ya kukata roho mkewe alimshika mkono akamwambia, "Sema tu kwamba unajutia ile pombe." Kaka akasema, "Najutia, mama." Sikuwahi kusikia uongo mwema kuliko huo, wala sijui kama Mungu ana daftari la kuuandika.

Shemeji alimfuata si muda mrefu uliopita. Padre alikuwa ameshampaka mafuta na kwenda zake. Aliomba nibaki mimi peke yangu.

"Shemeji, wewe umesoma dini," alisema. "Nikifika nitamkuta? Au ile pombe imemzuia?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Lingemtoa kaka yangu hatiani kwa pumzi moja. Nilitazama ukutani, pale msalaba ulipokuwa, nikatazama vidole vyake vilivyokuwa vikiusogelea.

"Utamkuta," nilisema.

"Umejuaje?"

"Najua tu, shemeji."

Akatikisa kichwa kwenye mto. "Wewe ni ndugu yake," alisema. "Lazima useme hivyo." Kisha akaniomba nimpe msalaba wake ashike. Nikautungua, nikampa. Alikufa akiwa na hofu juu ya mumewe, na hofu hiyo sikuweza kuiondoa, kwa sababu kitu kimoja tu ndicho kingeiondoa, nacho kilikuwa mikononi mwake.

Tulimzika nao, kama alivyotaka. Kaburi lake liko kibanjani, kati ya mumewe na mwanawe.

Dira ninayo mimi. Kiputo cha hewa kimeanza kuonekana chini ya kioo. Kileo kinapungua, na hakuna ajuaye kukiongeza. Juzi niliichukua nikaenda nayo kibanjani asubuhi, nikakaa kati ya makaburi, nikaiweka chini. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kadi itikisike kidogo tu, iniambie kwamba hata chini kule kuna anayemsikia mwenzake. Haikutikisika. Ililala kaskazini kama mzee yule wa ng'ambo alivyokusudia. Kina cha kaburi ni kirefu, na chuma kimeshakuwa mbali.

Nimekwisha kuyasimulia kwa kuwa hakuna tena wa kuumizwa nayo, isipokuwa mimi. Bado nasali. Nashukuru kwa mvua, kwa ndizi, kwa pumzi. Kwa lile moja sijapata neno la kushukuru, na Mungu ananisubiri, nami namsubiri.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulinde katika ukungu wako. Awape wanaokupenda mikono isiyokudhuru wanapokuombea, na wewe akupe kufika kwako ungali na mtu wa kukufungulia mlango. Amina.