Mpinzani Wako Ameondoka

Baba yangu ni fundi bomba, na mtaani wanamwita Spana. Si kwa ajili ya kazi tu. Akikushika kwa maneno hakuachii mpaka ukubali. Mimi ni binti yake wa pili, nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa hiyo anachofoka chote nakisikia, hata cherehani ikiwa inanguruma. Na mwaka huu amefoka hasa. Simlaumu. Mimi mwenyewe nimewahi kuitazama ile simu yake, nikaitazama pasi yangu iliyokolea moto, nikajizuia.

Baba hana starehe nyingine ila drafti. Mpira haufuati, baa haijui. Tena anacheza na mtu mmoja tu, mdogo wake, baba mdogo wetu, ambaye alikuwa kinyozi katika mji mwingine mpaka alipotuambia mikono inatetemeka, akaacha kunyoa. Walizaliwa sita, wamebaki hao wawili. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana baba alikuwa anampigia, kila mmoja na ubao wake mbele yake, wakacheza kwa mdomo. Namba hawakuzitumia. Walilelewa na bibi yao, na tangu utotoni walizipa nafasi za ubao majina ya nyumba yake: jikoni, uani, ukumbini, chini ya kitanda, kwa mpangaji. Mgeni akiingia kwetu Jumapili alidhani kuna kesi ya wizi.

"Natoka uani, naingia jikoni," baba alikuwa akisema.

"Ingia tu. Nakula huyo na yule aliye chini ya kitanda."

"Muongo! Chini ya kitanda sina mtu!"

"Unaye, kaka. Tazama vizuri."

Na kweli alikuwa naye. Kati ya kete na kete walipitia magoti, bei ya sukari, wake zao na marehemu wao, mpaka jua linapoa. Mama alikuwa akisema hawa hawachezi, hawa wamerudi kwao.

Sasa aje Mtaalamu. Huyo ni kaka yangu, anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya vioo vitupu. Akija kututembelea hawezi kukaa, lazima atengeneze kitu ambacho hakijaharibika. Safari hii alikuja na simu mbili mpya za kugusa, moja ya baba, nyingine akaituma kwa basi kwa baba mdogo.

"Baba, mna drafti humu humu ndani. Mnaona kete zote, hakuna kubishana, na wala hampigiani, mnatumia bando tu."

"Kwani ile yetu imeharibika?"

"Haijaharibika. Imepitwa na wakati."

Ukitaka kunichefua niambie neno hilo. Lakini baba ni baba, na zawadi ya mtoto haikataliwi. Baba mdogo naye akatuma salamu: ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie.

Basi Jumapili zikageuka kimya chenye kelele. Ile simu inalia tii, zamu yako. Vidole vya baba, vilivyoota sugu kwa kukaza mabomba, vinagusa kete, haitikisiki. Anagusa tena, inakwenda kete nyingine kabisa. "Sikwenda huko! Rudisha!" Hairudishi. Mara inataka nywila. Mara inataka kusasishwa, na ikishasasishwa kila kitu kimehamishwa mahali, utadhani wezi wameingia. Na inakupa muda. Ukichelewa kufikiri, umeshindwa. Nani alisema drafti ni mchezo wa kukimbizana?

Yote hayo angeyavumilia. Kilichomchoma ni baba mdogo. Alianza kucheza kama mtu asiyejua mchezo, anajitoa kuliwa bila sababu, kisha anakaa kimya tu, kisha kioo kinajaa makaratasi ya rangi yanayodondoka, tarumbeta inalia: Umeshinda! Mpinzani wako ameondoka.

"Nimeshinda nini?" baba akawaka. "Nimemshinda nani?"

Jumapili iliyofuata, vilevile. Na ya baada yake. Baba akakumbuka kwamba utotoni mdogo wake akizidiwa alikuwa anapindua ubao na kukimbia.

"Hajaacha! Mtu mzima na mvi zake, bado anakimbia!"

"Si umpigie umuulize?" mama akasema.

"Aliyekimbia ndiye arudi. Asiponitaka, simtaki."

Akauchukua ubao wake wa mbao, akautupa nyuma ya tangi la maji. Hapo na mimi mori ukanipanda. Nikamwambia, "Baba, ndugu hamjabaki wengi wa kuchagua." Akanijibu, "Wewe shona." Nikashona, na kwa hasira nikaunga mkono wa shati nje ndani, ikabidi nifumue.

Miezi miwili hawakusemezana. Baba akawa haguswi. Wateja aliwafokea, chai aliikuta ama baridi ama moto mno. Mama akamwachia chumba, akawa analala na mimi.

Ndipo Jumapili moja simu ya mama ikaita, kile kisimu chake cha vitufe. Alikuwa mama mdogo, mke wa kinyozi. Mama akaweka sauti ya juu ili aendelee kuchambua mchele.

"Shikamoo dada. Hivi shemeji katususa? Mwenzake huku hata kula hali vizuri."

"Mwambie yeye ndiye anayekimbia!" baba akadakia kutoka kwenye kiti chake.

"Akimbilie wapi, shemeji? Haoni."

Mikono ya mama ikatulia juu ya ungo. Mama mdogo akasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Ni presha ya macho. La kulia lilizimika mwaka juzi, la kushoto linaona mwanga tu. Ile habari kwamba ameacha kunyoa kwa sababu mikono inatetemeka, alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ubao wake alishaugawa siku nyingi. Jumapili zote zile za kupigiana simu alikuwa anacheza kichwani, amekaa kitandani, anapita katika nyumba ya bibi yake chumba kwa chumba, na bado anamla kaka yake.

"Hicho kioo sasa," akasema, "hakina jikoni wala uani, kinateleza tu. Mimi namfungulia, yeye anagusa popote, ili usijue. Nikimwambia nimchezee, hataki, eti huko ni kumdanganya kaka. Muda ukiisha simu inasema kaondoka. Alinikataza nisiseme. Leo nimesema, akitaka aniache."

Baba alisimama. Kwanza akampigia Mtaalamu, akampa vidonge vyake, na Mtaalamu alipoanza kueleza kwamba kuna mahali pa kukuzia maandishi, baba akamwambia akuze akili yake kwanza, akakata. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini hasira haikumwisha, maana wa kukasirikiwa hasa alikuwa mwingine. Akainyakua simu ya mama, mama mdogo bado yuko hewani.

"Mpe!"

"Shikamoo kaka," sauti ya baba mdogo ikaja.

Baba hakuitikia. "Mimi ni nani kwako? Mpita njia? Unapofuka, mimi nipo, nakutukana hapa kila Jumapili kama mwendawazimu, na wewe umenyamaza! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia lini?"

Hakuwa anaomba radhi. Naye alikuwa amewaka; ni tumbo moja wale.

"Ulikuwa ukipiga, kabla ya kete ya kwanza unaniuliza nimelalaje. Kila mara nilikuwa najiambia, leo akiuliza namwambia. Naogopa, nangoja Jumapili nyingine. Lilipokuja hilo dude hukuuliza tena. Linalia tii, zamu yako. Nilieleze dude?"

Baba alibaki katikati ya chumba, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo umejaa maneno aliyokwisha kuyaandaa. Nikangoja afoke.

"Umelalaje?" akauliza, kwa ukali uleule wa kugombana.

"Vibaya, kaka," baba mdogo akasema. "Vibaya sana."