Zamu Yangu Kikima

Mimi ni mtu wa kushuku. Muuzaji sokoni akiniongezea ndengu bila kuombwa, nazichunguza kama zina mchanga. Tabia hii haijawahi kunigharimu kama mwaka ule nilipokuwa namaliza shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta.

Tulikuwa watatu wa darasa moja, tukijiandaa kutafuta kazi: mwalimu wa sekondari aliyetuzidi umri, dada mmoja wa Mbooni, na mimi wa Kilungu. Tuliunda mwethya, ule ushirika wetu wa kulima shamba la mmoja hadi liishe kisha kuhamia la mwingine. Sisi tulilima usaili. Kila Jumamosi tulikutana Kikima, katika chumba cha kanisa, na Jumamosi tatu mfululizo zilikuwa za mtu mmoja. Wenzake walijifanya waajiri wakamhoji bila huruma.

Zamu yangu ilipofika, yule dada alinitumia tangazo la kazi ya uchambuzi wa data katika kampuni ya bima ya mazao. Alama zake zilikuwa bora kuliko zangu. Mtu mwenye akili timamu anampaje mwenzake nafasi kama hiyo? Nikaamua kwamba naye ameomba, na ananitumia kufanyia mazoezi.

Utafiti wangu ulikuwa programu ya kutambua ugonjwa wa ndengu kwa picha ya jani. Ilipatia karibu kila mara, nami nilijivunia kweli. Jumamosi ya kwanza dada akafungua daftari.

“Picha za kufunza hiyo programu na zile za kuipima, zimetoka shamba moja?”

“Hiyo siwezi sema. Ni siri ya utafiti.”

“Aka! Siri gani na tuko watatu tu?” mwalimu akacheka. “Jibu madam.”

Nikaomba swali lingine. Wiki ya pili dada akauliza tena, na ya tatu pia. Kila alipoandika kitu daftarini nilisogeza kompyuta yangu mbali naye kidogo.

Ukweli ni kwamba picha zote zilitoka shamba la mama yangu, nyingine za mmea uleule. Ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani ambao ameshauona. Nilishughulika sana kumficha dada utafiti wangu hata sikulitambua kosa lenyewe.

Siku ya usaili, mama mmoja wa jopo aliuliza swali lilelile. Nikasema ni shamba moja. Akataka kujua programu ingefanyaje katika shamba la mtu mwingine. Sikujua. Walinishukuru kwa upole mno, nikaelewa kwamba kazi imeniponyoka.

Nikiwa stendi nilimpigia yule dada, nimejaa hasira.

“Hongera,” nikamwambia. “Wewe usaili wako ni lini?”

“Usaili gani?”

“Wa hii kampuni ya bima. Si uliomba?”

“Mimi? Sikuomba. Ilikuwa zamu yako, sasa ningeombaje? Niliitaka sana hiyo kazi, lakini. Hebu niambie, imeendaje?”

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.