Maombi Yaliyokosa wa Kuyafunga

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nne, mwaka wa 2005. Mvua ilianza kabla hatujaamka, ikapiga mabati mpaka saa tatu, halafu ikakatika ghafla. Njia ya kuja kanisani kwetu, nje kidogo ya Kiminini, ilikuwa matope tupu, na mimi, Mungu anisamehe, nilitumaini kwamba mwangalizi wa makanisa yetu angeshindwa njiani arudi Bungoma.

Alikuwa anakuja kuamua habari ya mume wangu. Mume wangu ndiye alikuwa mchungaji wa kanisa lile, na mwezi uliotangulia, kule hospitali ya misheni ya Lugulu, walimtoa uvimbe kooni. Haukuwa uvimbe mbaya. Lakini daktari alimwambia asitoe sauti, hata ya kunong'ona, mpaka aruhusiwe, la sivyo inaweza isirudi kabisa. Wazee wa kanisa wakangoja, wakachoka, wakapeleka neno Bungoma: mchungaji asiye na sauti ataongozaje watu? Siwalaumu. Hata mimi nilijiuliza hivyo hivyo nikiosha vyombo. Na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kanisa.

Nieleze kwanza jinsi tunavyoomba, maana si makanisa yote huomba hivyo. Kwetu kiongozi akisema "Tuombe," kila mtu anafumba macho na kuomba yake kwa sauti, wote kwa pamoja, mpaka kanisa linavuma kama mashine ya kusaga mahindi. Kuyafunga maombi ni kazi ya mchungaji. Anapandisha sauti yake juu ya zetu zote, "Katika jina la Yesu!", nasi tunashuka pamoja naye mpaka amina. Sauti ya mume wangu iliiweza kazi hiyo. Asubuhi akibariki chai nyumbani, jirani aliitika amina ng'ambo ya ua.

Tulipotoka Lugulu, jirani huyo aliniita uani.

"Mama Mchungaji, kwani siku hizi chai mnakunywa bila maombi? Ama mmerudi nyuma kiimani?"

"Anaomba kimyakimya."

"Ati kimyakimya! Na Mungu anajuaje ni yeye?"

Tulicheka wote wawili, lakini lile neno liliniingia. Mume wangu alikuwa anapiga magoti kando ya kitanda muda mrefu kuliko zamani, na mimi nafungua jicho moja nione kama anaomba au amelala. Siku moja alichukua chaki akaniandikia nyuma ya mlango: Sijui kuomba hivi. Ndio najifunza. Nilifuta haraka kwa leso, watoto wasisome. Halafu kila alasiri akawa anatoka peke yake. Nilidhani anakimbia watu.

Basi, Jumapili hiyo mwangalizi alifika, suruali ameikunja mpaka magotini na viatu mkononi. Ni mtu mpole, hana maneno mengi. Alikaa mbele kando ya mume wangu. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Tuombe," tukaanza.

Tuliomba. Tukaomba. Nikamaliza yangu nikayarudia. Mwishowe nikaona kuna kitu hakiendi sawa, nikafungua macho. Mume wangu alikuwa amesimama, mkono ameuinua juu kabisa kutuonyesha tufunge. Lakini nani angeuona, na watu wote wamefumba macho? Mzee wa kanisa alikuwa anamngoja mwangalizi, kwa maana ndiye mkubwa. Mwangalizi alikuwa anangoja wenyeji, kwa maana yeye ni mgeni. Nikasema moyoni, haya, yamekwisha, na mwangalizi yuko papo hapo.

Sauti zikachoka zenyewe. Moja ikanyamaza, nyingine ikafuata, mpaka ikabaki ya nyanya mmoja wa benchi la mbele. Huyo hasikii vizuri, hakujua tumetulia.

"Na huyu mtumishi wako, Baba, si unamjua," akaendelea. "Zamani alikuwa akija kwangu anaomba mbio mbio, anaenda. Siku hizi anapiga magoti pale karibu na jiko, ananishika mkono, hasemi kitu. Mimi ndio nasema. Habari ya kijana wangu aliyevuka mpaka pale Lwakhakha akapotea, sikuwa nimewahi kukuambia. Sasa nimekuambia. Mrudishie sauti yake. Na kama hutaki, bana, basi tupatie sisi masikio. Amina."

"Amina," tukasema wote. Hivyo ndivyo maombi yalivyofungwa, na mkono wa mume wangu ukashuka.

Baada ya ibada wazee walikuja kwetu pamoja na mwangalizi. Nilikuwa jikoni, lakini mlango ulikuwa wazi.

"Kuhubiri mtapokezana mpaka apone," mwangalizi akasema. "Huyu anabaki. Kiongozi asiyeomba ndiye ningemhamisha."

"Na kufunga je?" mzee wa kanisa akauliza. "Leo si tungelala pale, bana!"

"Apige meza."

Wakacheka. Mume wangu naye alicheka, mabega tu yakitikisika. Nilikaa kwenye kigoda.

Lazima niwe wa haki. Sijui kama ni maombi ya nyanya yaliyotusaidia. Pengine mwangalizi alikuwa ameshaamua tangu Bungoma, na mmoja wa wale wazee waliopeleka neno ndiye alikuwa wa kwanza kusema "Sawa, abaki." Sauti ilirudi baadaye, nyembamba kidogo. Zile alasiri za kutembelea watu hakuziacha.

Jogoo tuliyemchinjia mgeni alikuwa amebaki shingo na supu. Jioni mume wangu alifumba macho, tukangoja, kisha akapiga meza. Watoto wakaitika amina kwa nguvu, na jirani akaitika ng'ambo ya ua. Shingo waligawana watoto, supu nikampa yeye kwa ajili ya koo, na wote tukala ugali na mboga ya mrenda.